Faharasa ya maktaba: kwa nini kiunganishi kinagoma, na namna ya kukitengenezea njia

Asalaam alaikum. Niko barazani, Mkomani, hapa Lamu, na leo tunaunda maktaba ndogo ya C inayohusu maji ya bahari. Fungua terminali.

Nina mafaili matatu. bamvua.c lina fankisheni maji_bamvua, ya kukokotoa siku za bamvua kwa kufuata mwezi. mafu.c lina maji_mafu, ya siku za maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana. safari.c ndiyo programu yenyewe, nayo inaita maji_bamvua tu, kwa sababu siku hizo maji hutoka sana, na nahodha asiyepiga hesabu ya saa hupwelewa kwenye mkondo wa Mkanda. Andika, upate mafaili ya .o:

gcc -c bamvua.c mafu.c safari.c

Sasa funga mawili ya kwanza pamoja. S kubwa katika amri hii nimeiweka makusudi. Inaizuia ar, programu inayofunga mafaili kuwa maktaba, isiandike faharasa, yaani orodha ya majina yaliyomo.

ar rcS libbahari.a bamvua.o mafu.o

Halafu unganisha (-lbahari ni libbahari.a, na -L. ni kusema itafute hapa hapa):

gcc safari.o -L. -lbahari -o safari

Umeona? Kiunganishi, yaani linker, kinachounganisha mafaili ya .o na maktaba kuwa programu moja, kimegoma. Kinasema maktaba haina faharasa, endesha ranlib. Wengi wakifika hapa hurudi kuchokonoa msimbo, na msimbo hauna kosa lolote. ranlib huandika faharasa, nm -s huionyesha. Fanya hivi:

ranlib libbahari.a
nm -s libbahari.a

Simamisha video, usome mistari ya juu. maji_bamvua imo ndani ya bamvua.o, maji_mafu imo ndani ya mafu.o. Faharasa ndiyo hiyo. Hukaa mwanzoni mwa maktaba, na kila jina limeandikiwa ni baiti ya ngapi faili lake linapoanzia. Kiunganishi huja na majina kinayoyadai, hutazama hapo, kisha huruka moja kwa moja hadi bamvua.o na kulichukua. mafu.o hakiligusi. Kwa mafaili 2 huhisi kitu. Yakiwa 2,000, kupekua moja moja ni kazi.

Rudia ile amri ya gcc. Imekubali. Sasa hakikisha:

nm safari | grep maji_

bamvua ipo, mafu haimo.

Siku nyingine acha tu ile S, ar ya GNU itaandika faharasa yenyewe. Lakini mpangilio uangalie sana: -lbahari ikae baada ya safari.o. Ukiitanguliza, kiunganishi husoma faharasa kabla hakijalisikia jina maji_bamvua, hupita bila kuchukua chochote, kisha hulalamika kwamba halijulikani. Hapo hata ukiendesha ranlib mara kumi haikusaidii. Rudisha maktaba mwisho wa mstari.