Kutambua protini za konea: keratini ya jicho na ya kiganja chako

Karibuni tena. Hapa mezani nina konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Imetoka benki ya macho kwa idhini ya familia ya marehemu. Haikufaa kupandikizwa, ndiyo maana tumepewa.

Vaa glavu, kofia na koti kabla hujagusa kitu. Sababu utaiona mwishoni.

Kwangua tabaka la juu kwa kisu butu, ulitie kwenye kichupa chake. Kilichobaki ni stroma, takriban asilimia 90 ya unene wote, nayo imejaa kolajeni, protini ya nyuzi imara. Ukivisaga pamoja, kolajeni itazimeza protini chache zote, usizione kabisa.

Leo tuendelee na hilo tabaka la juu. Saga juu ya barafu ndani ya maji ya yurea yenye dawa ya kuzuia vimeng'enya visile protini. Zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu, pima kiasi cha protini.

Tia DTT, kemikali ya kukata vifungo vya salfa vinavyoshikilia protini ikiwa imekunjika, kisha kemikali nyingine, ayodoasetamidi, gizani, vifungo visirudi. Jamani, yurea usiipashe kupita nyuzi 37! Hujibandika kwenye protini, uzito ukabadilika, na kompyuta ikapotea njia.

Punguza ukali wa yurea kwa maji ya bafa (yanayotunza kiwango cha asidi), halafu tia tripsini, kimeng'enya cha kukata protini. Hii hukata mnyororo wa protini baada ya lisini na arijinini, mbili kati ya asidi amino zinazouunda. Acha usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi tia asidi kidogo isimame, toa chumvi.

Sasa spektromita ya masi. Inapima uzito wa kila kipande, inakivunja, inapima tena vipande vyake. Programu inalinganisha na UniProt, hifadhidata ya protini zinazojulikana. Weka kiwango cha makosa ya utambuzi asilimia 1.

Tusome orodha ya protini zilizotambuliwa. Tuanze na keratini, protini zinazoipa ngozi na tabaka la juu la konea uimara; kila aina ina namba yake. Keratini 3 na 12: hizo ndizo za konea, furahi. Keratini 1 na 10 ni za ngozi. Hii 9 je? Ya viganja na nyayo, yaani ni wewe. Orodha yangu ya kwanza kabisa ilinisoma mimi kuliko jicho. Tripsini nayo itajitokeza, mara nyingi ya nguruwe, kwa hiyo ongeza orodha ya uchafu wa kawaida kwenye utafutaji.

Albumini, protini ya damu, usiifute haraka ukidhani ni damu tu iliyomwagikia: hupenya konea kutoka mishipa ya pembezoni. Iache.