Ini na Firigisi Haviivi Pamoja

Asalaam aleikum, na wasiokuwa Waislamu, hamjambo. Hii maikrofoni yalia kama paka wa Mji wa Kale usiku, basi nitaiweka chini. Nyinyi wa nyuma sogeeni mbele. Viti vipo. Sisi watu wa Mombasa popote twasimama mlangoni kana kwamba twangoja feri.

Kabla sijasema neno: ile sufuria pale pembeni, juu ya jiko la makaa, nimeiteleka saa tatu kasorobo. Ndani mna kilo mbili za firigisi. Mtu asiifunue. Nitaifunua mimi. Lile beseni lililofunikwa kwa sinia kando ya barafu ni maini, na hilo pia mtu asiliguse, hasa wewe kijana wa shati jekundu, nimekuona.

Wanaonijua wanajua mimi ni mpishi wa maharusi. Wasionijua, huenda wameshakula mkono wangu na kufungasha juu yake. Leo sikuja kusema biriani. Nimekuja kusema lile ambalo nimelisema kwenye maharusi, kwenye matanga, kwenye matatu ya Kisauni, na mke wangu ameniomba nisiliseme tena nyumbani: ini la kuku na firigisi haviivi pamoja. Basi. Anayetaka kuondoka na aondoke sasa, mhadhara wenyewe ndio huo.

Fanyeni hesabu nami. Harusi moja ya kawaida, kuku themanini wa gredi, hawa wa kisasa. Kuku wa gredi aliyekomaa ana ini la kama gramu 40. Themanini, hiyo ni zaidi ya kilo tatu za maini. Firigisi nazo kilo mbili, tatu. Mioyo karibu kilo. Siku hizi mwenye harusi ananiambia, “Mpishi, hayo ya ndani tupa tu, wageni hawali.” Hawali! Wageni hao hao nawakuta soko la Kongowea asubuhi wakilia bei ya nyama. Na nikiuliza kwa nini hawali, jibu ni moja: ini gumu, lakwama kooni, firigisi ni mpira. Sasa ini gumu ni kosa la kuku? Kuku maskini ameshakufa, na bado twamsingizia.

Ngoja niwape kisa. Najua baadhi yenu mmekisikia. Mtakisikia tena.

Nilikuwa na miaka 17, msaidizi wa ami yangu, yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Harusi ilikuwa Majengo. Ami akaniambia, “Chakula cha vijana wa jikoni leo ni juu yako,” akanisukumia beseni la maini na firigisi, vimechanganyika. Mimi nikafanya kama mfanyavyo nyinyi. Nikatia vyote sufuriani, nikatia kitunguu, tungule, bizari, maji, nikafunika, nikaenda kuchungulia ngoma ya wanawake kupitia tundu la makuti. Huko nilikaa saa nzima na ushee. Ngoma ilikuwa nzuri.

Niliporudi, firigisi zilikuwa zimeiva sawasawa. Ami akachovya kijiko, akatoa ini moja, akalipangusa mchuzi kwa kitambaa, akanitilia mkononi. Akaniambia, “Andika jina lako ukutani.” Ukuta ulikuwa wa chokaa, mweupe. Nikadhani ni mzaha. Akasema, “Andika.” Wallahi niliandika, na herufi tatu za kwanza zilisomeka.

Juma lile lile tukapata harusi Likoni. Mimi sasa mjanja, nimeshajifunza. Nikachanganya vile vile, lakini dakika kumi tu nikaepua. Maini laini, yayeyuka mdomoni. Lakini firigisi! Kijana mmoja alianza kutafuna moja baada ya Isha, bibi harusi akatolewa, akapigwa picha, akarudishwa ndani, na yule bado atafuna ile ile. Mwisho akaitema akairusha ukutani, ikamrudia. Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Ami hakucheka. Aliniuliza tu, “Jikoni mna masufuria mangapi?” Nikasema kumi na mawili. “Na wewe umetumia mangapi?”

Jamani, si mnaona? Firigisi ni msuli. Kuku hana meno, humeza chembe na changarawe, na firigisi ndiyo kinu chake: hubana na kusaga siku nzima. Msuli unaofanya kazi hivyo una nyuzi na ukano, na ukano hulainika kwa moto mdogo na muda mrefu. Ini halina kazi ya nguvu. Halina nyuzi wala ukano wa kulainisha. Ukilipika halilainiki, linakauka tu. Wazee waliposema haraka haraka haina baraka, walikuwa wametaja firigisi. Waliposema ngoja ngoja huumiza matumbo, hilo lilikuwa ini. Sisi twachukua methali moja twaipigia vyote viwili, kisha twamlaumu kuku.

Na wauzaji nao wana lao, wengine hukuuzia vikiwa vimechanganywa mfuko mmoja, ukadhani ni kitu kimoja. Ukifika nyumbani kaa chini uvitenge. Dakika mbili.

Haya, firigisi. Kama kuku umemchinja mwenyewe, firigisi yaja nzima, imefungwa kama kibeti. Ipasue kwa ule upande mwembamba, uikunjue kama kitabu, umwage uchafu mbali na vyombo. Ndani kuna ngozi ya manjano, imekunjana kama uso wa anayedaiwa. Hiyo ngozi hailainiki hata ukiichemsha mpaka Idi. Tia ncha ya kisu pembeni, ishike kwa kidole gumba, ivute; ikikubali, huchomoka kipande kizima. Za sokoni huwa zimeshamenywa, lakini angalieni, mara nyingi hubaki kipande cha manjano kwenye kona. Kipande hicho kimoja ndicho mgeni atakachokipata, si mwingine, ni mgeni.

Kisha sufuria, maji ya kufunika tu, chumvi, tangawizi na thomu iliyotwangwa. Ikianza kuchemka, punguza moto. Firigisi za gredi dakika hamsini hadi saa nzima. Za kienyeji, saa moja na nusu, kuku yule ametembea. Huhitaji saa: chomeka ncha ya kisu, ikiingia na kutoka bila kuinyanyua firigisi, imeiva. Hapo ndipo unaamua ni nini. Zikaushe na kitunguu, pilipili boga na uzile, ile bizari nyembamba. Au zitie tui zito mwishoni, moto mdogo, lisikatike. Mimi zangu nazitunga kwenye vijiti, nazipaka rojo la nazi lile la kuku wa kupaka, lina ukwaju, nazichoma juu ya makaa mpaka rojo linaanza kuungua pembeni. Ukinipa hizo na mkate wa mofa usinisemeshe.

Mama mmoja ameinua mkono na mimi swali lake nalijua. “Makaa yamepanda, gesi imepanda, saa nzima ya nini?” Swali zuri. Mbaazi zako za mahamri wazichemsha muda gani? Mbona hizo hulalamiki? Teleka firigisi kwenye makaa yanayobaki ukimaliza chapati. Mwenye sufuria ya presha, dakika ishirini. Chemsha za siku mbili kwa pamoja, zikipoa tia frijini, kesho unakaanga tu. Akiba yenyewe iko hapo kwenye bei ya nyama, si kwenye makaa.

Samahani, ngoja nifunue. ... Bado. Zimekaribia.

Ini sasa. Kwanza nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini. Usikivute. Kikate pamoja na kipande kidogo cha ini, ukitupe. Kikipasuka, kila palipogeuka kijani pakate. Kuosha hakusaidii, ndimu haisaidii, dua haisaidii, nimejaribu zote.

Likaushe ini kwa kitambaa safi. Ini lenye maji likigusa mafuta hurukia watu. Kitunguu kaanga mbele, kikiiva kitoe kando. Mafuta yapate moto sawasawa, panga maini yasikaliane. Muyaache! Mkono wa mpishi wa Kiswahili hauwezi kuacha mwiko ukapumzika. Dakika tatu upande mmoja, geuza, mbili tatu tena. Rudisha kitunguu, pilipili manga, epua, ndipo ukamue ndimu. Chumvi mwishoni. Mioyo, kwa wanaouliza, ipasue mara mbili, ikamue damu iliyoganda, itangulie kwenye kaango dakika saba nane kabla ya maini.

Sasa kuna vijana wamefanya kazi hoteli za Nyali, watakuja kuniambia, “Mzee, Wazungu huliacha jekundu ndani.” Najua. Mimi mwenyewe nimewaona. Vijidudu vya kuku, Salmonella na mwenzake Campylobacter, kwenye ini havikai juu tu, huweza kuwa ndani kabisa. Kwa hivyo kuchoma juu peke yake hakutoshi; katikati kufike nyuzi 74 za Selsiasi. Huna kipimajoto, sawa, mimi pia sina. Chukua ini lililo nono kuliko yote, likate katikati. Likitoa maji mekundu, rudisha. Wekundu umeisha na maji ni meupe, epua sasa hivi, usiende kuchungulia ngoma. Kati ya jekundu na chaki ya ami yangu kuna dakika moja au mbili. Ufundi wote uko hapo.

Na mkiosha nyama ya kuku, msifungulie mfereji kwa nguvu kama mwaosha gari. Yale matone huruka na vijidudu vyake hadi kwenye kachumbari. Osha kwenye beseni, polepole, kisha osha beseni, na sinki, na mikono kwa sabuni.

“Ini ni chujio, limejaa sumu.” Hili husemwa na watu wanaokula soseji. Ini hubadilisha sumu ili itolewe mwilini, halikuumbwa kuwa ghala lake. La kuuliza ni dawa: kuku aliyetibiwa ana siku zake za kungoja kabla ya kuchinjwa, kwa hivyo mjue mfugaji wako, umuulize. Mwingine ataniambia ini ni damu, na damu ni haramu. Ndugu yangu, hadithi ya Mtume ya damu mbili zilizohalalishwa, ini na wengu, waijua kuliko mimi, na madrasa tulikaa mkeka mmoja. Huyo hataki tu kupika.

Mwalimu wa zahanati ameniomba niseme ya lishe, nitasema kwa ufupi kwa sababu makaa yanaisha. Gramu mia za ini la kuku zina madini ya chuma kama miligramu tisa. Kidari cha kuku, mnachogombania, hakifiki moja. Kwa mwenye upungufu wa damu hiyo si habari ndogo. Vitamini A nayo ni nyingi, ini moja tu lapita mahitaji ya mtu mzima ya siku. Kwa sababu hiyo hiyo wajawazito wasile maini bila kumuuliza daktari au mkunga, vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Firigisi haina tatizo hilo, wao wale firigisi. Wenye jongo, mnaoamshwa usiku na kidole gumba cha mguu, punguzeni vyote. Nanyi mnajijua.

Kuna la firigisi kuwa ya baba wa nyumba. Majirani zetu waliotoka Magharibi mwa Kenya wanalo sana, kwa Waluhya firigisi ni heshima, mgeni au mzee hupewa, na mama akiila mwenyewe nyumba yawaka. Mimi sigombani na heshima ya mtu. Nasema tu, kwa kuku mmoja mna firigisi moja, mgombanie. Kwa kilo moja ya sokoni zimo thelathini. Mzee atapewa yake, na wengine wale.

Nilitaka kusema miguu na vichwa, na supu ya shingo, na nina maneno makali kuhusu wanaochuna miguu vibaya wakaacha ile ngozi ya njano. Sitawahi. Siku nyingine. Na vijana wanaochoma utumbo barabarani, hao nataka mhadhara wao peke yao, na polisi awepo.

Nipisheni. Leta kisu. ... Naam. Yaingia, yatoka. Firigisi haijanyanyuka. Mama, wewe uliyeuliza makaa, njoo uchomeke mwenyewe usije ukasema nimekudanganya. Eeh?

Haya. Sasa, na si kabla ya sasa, nipeni kaango na lile beseni la maini. Panueni nafasi, mafuta yataruka. Nani ana ndimu?