Mashini haijameza TFC yako

Asanteni. Wamama, wababa, wanafunzi, karibuni. Mlionisikia Kadutu na Bagira, mitaa ya Bukavu, mtanivumilia, maana nitarudia lile lile: mashini haili dokumenti. Na bado najua Jumatatu kuna mtu atakuja na laptopu kwapani, "Mwalimu, TFC yangu, kazi yangu ya kumaliza masomo, imepotea, fundi amesema tuformate."

Kuformate! Mtu amepoteza ufunguo ndani ya nyumba, wewe unamshauri abomoe nyumba? Hapo ndipo kazi yako inapofutika kweli. Fundi akitaja kuformate kabla hajakuuliza swali hata moja, chukua mashini yako, muage kwa heshima, uende zako.

Na swali lenyewe ni hili: mara ya mwisho uliifungua kutoka wapi? Usinijibu "katika Word." Sisi sote tunafungulia Word. Nauliza, ilikuwa wapi ulipoibofya?

Kuna mwalimu wa sekondari, jirani yangu. Alitumiwa maswali ya mtihani kwa mail. Akabofya mara mbili pale pale ndani ya barua, yakafunguka. Juu ukatokea ule mstari wa njano, "Activer la modification", yaani ruhusu kusahihisha, akabofya. Usiku ule koranti ilikuwepo, naye akaifaidi: akasahihisha, akaongeza maswali, kila mara anabonyeza ile alama ya disketi. Asubuhi akarudi kwenye mail, akafungua tena. Maswali ni yale ya kwanza, kazi yake haipo. Akaanza kumgombeza mtoto. Mtoto wa watu alikuwa amelala!

Sasa sikilizeni. Ukifungua kitu moja kwa moja ndani ya Outlook, programu ya mail, mashini inatoa kopi na kuiweka katika dosye, yaani folda, ya muda, imefichwa ndani kabisa, huwezi kuikuta kwa kutembeatembea. Ukibonyeza disketi, unahifadhi humo. Barua yenyewe haiguswi. Na dosye hiyo inaweza kusafishwa bila wewe kuulizwa, ndiyo maana nasema ukigundua, usizime mashini, usikimbilie kwa fundi. Tulifanyaje? Tulifungua Word tupu, "Fichier", "Ouvrir", "Récent", yaani zilizofunguliwa karibuni. Jina hilo hapo, na chini yake njia ndefu isiyoeleweka. Tukabofya, kazi yote ya usiku ikatokea. Hapo hapo "Enregistrer sous", yaani hifadhi mahali pengine, Documents, jina jipya. Fundi aliyekuwa amekwisha kutaja bei ya kuformate hakufurahi.

Kwa hiyo hifadhi kwanza, ndipo ufungue. Utaniambia una haraka. Haya, mwalimu naye alikuwa na haraka.

Naona kijana wangu pale mkono juu: "Mimi faili naiona, ila haifunguki." Tazama jina lake. Likianza na ~$, hiyo si dokumenti. Word ikifungua "Recommandation.docx", inaweka kando kijifaili kilichofichwa, "~$commandation.docx", cha baiti 162 tu, kuonyesha kwamba kuna mtu anaiandika. Koranti ikikatika ghafla, hicho kinabaki. Kesho unaambiwa dokumenti inatumiwa na mtu fulani, ukisoma jina, ni wewe! Watu wamefikia kusema kuna uchawi. Funga Word, futa kile cha ~$, ufungue yako.

Kama alama yake ni karatasi nyeupe, Windows haijui programu ya kuifungulia. Katika dirisha la dosye nenda "Affichage", tia alama kwenye "Extensions de noms de fichiers", uone mwisho wa jina. Ni .docx? Ilikuja na Office 2007, na Word 2003, ambayo bado naikuta mjini hapa, haikuzaliwa ikiijua. Ukiilazimisha kwa Bloc-notes, programu ya maandishi matupu, utaona vurugu ya herufi inayoanza na PK. Huyo ni Phil Katz, aliyebuni zip, yaani faili iliyobanwa, kwa sababu .docx kwa ndani ni zip. Weka LibreOffice, programu inayoifungua. Ni ya bure, na kumpa jirani kwenye flashi si wizi. Ila tafadhali, kuandika .docx mahali pa .pdf hakugeuzi kitu, unabadilisha jina tu.

Muda umekwisha, na jenereta naisikia inakohoa. Haraka haraka. Umesahau uliiita nini? Ingia Documents, andika *.docx pale pa kutafutia, panga kwa "Modifié le", tarehe ya kubadilishwa. Flashi imejaa alama zenye kamshale, dosye hazionekani? Virusi vimezificha, mara nyingi havijazifuta. Usivibofye vile vya kamshale, na hiyo flashi pia usiiformate, niletee. Dokumenti ina alama ya wingu? Iko OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, haiko kwako, na mega za mtandao zikiisha haitafunguka. Ukiwa na mtandao bofya kulia, "Toujours conserver sur cet appareil", ibaki daima kwenye mashini yako. Dokumenti iliyofungwa kwa nywila tuiache.

Wenye mashini, njooni hapa mbele, mmoja mmoja. Mama wa kitenge cha bluu atangulie, amebeba mtoto. Na wewe fundi uliyekaa kule nyuma, nimekuona. Baki kidogo tuongee.