Darasa Linalompigia Kelele Mtoto Mwenye Usonji

Walimu wangu na wazazi, karibuni. Daktari mmoja wa Marekani, jina lake Leo Kanner, alieleza usonji (autism) 1943, lakini mwongozo wa madaktari wa Marekani, DSM-5, uliingiza shida za hisi, kama kusumbuliwa na sauti au mwanga, katika dalili zake 2013. Miaka sabini! Basi asijilaumu mtu aliyemwita mtoto mkaidi kwa kuziba masikio.

Nitakaa sana kwenye sauti, maana ndiyo adha ya madarasa yetu hapa Mombasa. Bati bila dari, sakafu ya saruji, kuta tupu, na dirisha linatazama barabara ya matatu na tuktuk. Sauti haina pa kumezwa, hugonga ukuta ikarudi. Shirika la Afya Duniani linataka kelele za darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa somo. Feni kuukuu peke yake yaweza kupita hapo, sembuse mvua ya Mei juu ya bati. Ubongo wa wengi wetu huchuja. Kwa mtoto huyu, mara nyingi feni, kiti kinachoburutwa na mwalimu huingia kwa uzito mmoja.

Kateni malapa makuukuu vipande, mvifunge kwenye miguu ya viti. Tundikeni mikeka ya miyaa ukuta wa nyuma, na blanketi nzee ndani yake, kwa sababu mkeka mtupu ni mwembamba mno. Acheni nafasi ya vidole viwili kati yake na ukuta; mkiibandika kabisa, haimezi sauti vizuri.

Kiti chake kiegemee ukuta, mbali na barabara, na mlango auone. Desturi ya kumweka mbele kabisa siipendi: ana watoto arobaini mgongoni na hajui yupi atamgusa.

Taa zile ndefu za zamani, kwa umeme wetu wa hezi 50, humeta mara 100 kwa sekunde. Zizimeni mchana, jua la pwani latosha. Likizidi, pazia liwe la bafta; leso, yaani kanga, yenye maua na maneno itamshughulisha kuliko ubao.

Kengele isimvamie. Dakika mbili kabla, mwonyesheni kadi. Ratiba ya picha tano au sita kwa asubuhi inafaa, aigeuze mwenyewe kila somo likiisha. Huharibika siku ambayo paredi imerefuka au uji umechelewa na picha zimebaki zile zile. Hapo hulia, nasi twasema amedekezwa.

Vifuniko vya masikio ni vya paredi na kengele tu. Akivivaa kutwa, masikio huzoea kimya, na kelele ndogo ikamuuma zaidi.

Kuna pembe ya kutulia pia: mkeka, pazia, dakika tano hadi kumi, kisha anarudi kwenye kazi aliyoiacha. Mwalimu akimpeleka huko kumwadhibu hata mara moja, hataingia tena kwa hiari.