Windows.old: Ifungue Kabla ya Kuifuta

DADA: Karibuni tena, tuko Arusha. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, swali hili halituishi: "Nimepandisha laptopu kwenda Windows 11, mbona diski imejaa na sijaongeza kitu?"

KAKA: Na laptopu nyingi hapa mjini ni za mtumba, diski ya GB 128, ambayo Windows yenyewe huionyesha kama 119 hivi. Sasa ukipandisha, mfumo wa zamani hauondoki. Unahamishiwa kwenye folda ya Windows.old, humo humo diski C, na folda hiyo inaweza kupita GB 20.

DADA: Kwa nini isifutwe palepale?

KAKA: Ili uweze kurudi nyuma. Printa ya steshenari ikigoma, au programu ya hesabu ikikataa kufunguka, una siku 10 za kurudi ulikotoka. Zikipita, folda inajifuta yenyewe.

DADA: Lakini kaka, mwongoza watalii karudi kutoka Serengeti, kadi ya kamera imejaa, pa kuzimwaga picha hapana. Atasubiri siku 10?

KAKA: Namwelewa kabisa. Ila kabla hajagusa kitu, amuulize fundi: ulipandisha, au uliweka Windows upya? Kama ilipandishwa kwa njia ya kawaida, picha na nyaraka ziko palepale. Kama fundi aliweka upya bila kufomati, mwenye laptopu anaiwasha anakuta tupu. Anaamini kila kitu kimepotea, kumbe kimo ndani ya Windows.old, kwenye folda ya Users. Akiifuta ili apate nafasi, ndiyo anapoteza kweli.

DADA: Jamani! Picha za harusi, tasnifu ya mtoto wa watu...

KAKA: Hilo ndilo linaloniuma, dada. Fungua Users kwanza. Nakili vyako kwenye diski ya nje, kisha fungua faili kadhaa hukohuko uone zinafunguka. Baada ya hapo futa.

DADA: Kuna wanaobonyeza Delete, kompyuta inawakatalia.

KAKA: Mafaili yale ni ya mfumo, yana ulinzi wake. Ingia Settings, System, Storage, halafu Temporary files. Iache ihesabu, weka tiki kwenye Previous Windows installation, bonyeza Remove files. Ukishafanya hivyo, kurudi Windows 10 hakupo tena. Na angalia sana, orodha hiyohiyo ina Downloads. Usiitie tiki kabla hujaikagua. Watu wengi hapo ndipo zilipo barua za kazi na risiti zao.

DADA: Na wale wanaoishambulia folda ya WinSxS, ghala la vipande vya Windows yenyewe, kwa sababu inaonekana kubwa?

KAKA: Waiache. Ukiifuta kwa mkono, Windows inaweza isiwake tena.

DADA: Haya, na anayeingia porini wiki mbili, hajapata hata muda wa kukagua?

KAKA: Siku zinaongezwa hadi 60, mradi afanye kabla zile 10 hazijaisha. Afungue Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama administreta, aandike: dism /online /set-osuninstallwindow /value:60, halafu Enter. Nafasi itaendelea kushikiliwa muda wote huo, kwa hiyo video nzito azihamishie diski ya nje kabla hajaondoka.