Kuvunja wanga kwa maji matupu

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Anayetaka kupata sukari kutoka kwenye wanga ana njia mbili zinazojulikana tangu zamani. Mwaka 1811 mkemia Gottlieb Kirchhoff, akiwa St. Petersburg, alichemsha wanga na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, akapata shira tamu. Mwaka 1833 huko Ufaransa wakemia wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitenga kutoka kwenye shayiri iliyochipua kitu kilichofanya kazi hiyohiyo bila asidi. Ndiyo njia ya vimeng'enya, yaani protini za viumbe hai zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Leo nimekuja kuzungumzia njia ya tatu: maji na joto ndani ya chombo kilichofungwa.

Wanga ni minyororo mirefu ya glukosi, ambayo ni sukari sahili. Mingine imenyooka, mingine ina matawi, na kila pingili imeshikana na jirani yake kwa atomu moja ya oksijeni. Kiungo hicho kinapokatika, molekuli moja ya maji huingia pale na kugawanyika, sehemu huku na sehemu kule. Kwa hiyo maji hapa si ya kuyeyushia tu. Yanaingia ndani ya sukari yenyewe. Kilo 100 za wanga mkavu zikivunjwa zote hutoa takriban kilo 111 za glukosi. Hizo 11 za ziada ni maji.

Basi mtu atauliza: kama maji yanatosha, mbona wanga ukichemshwa sufuriani hauwi shira? Ni kwa sababu katika nyuzi 100 punje zake huvimba, hupasuka na kufanya rojo zito, lakini minyororo hubaki karibu yote mizima. Kukata viungo kunahitaji ayoni za hidrojeni, yaani chembe zenye chaji zinazoipa asidi ukali wake, na maji ya kawaida yanazo chache mno. Asidi ya Kirchhoff ilizileta kutoka nje. Ila maji yakipashwa sana huzizalisha yenyewe: katika nyuzi 250 zinakuwa zaidi ya mara 20 ya zile za maji yaliyo katika nyuzi 25. Maji hayohayo tunayokunywa yanaanza kufanya kazi ya asidi hafifu, na yakipoa yanarudi kuwa maji.

Naomba tuelewane kuhusu shinikizo, maana hapa wengi hupotoka. Shinikizo halivunji wanga. Kazi yake ni kuyazuia maji yasigeuke mvuke. Ili yabaki maji katika nyuzi 200 yanahitaji kidogo zaidi ya baa 15 (baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka). Katika nyuzi 250, karibu baa 40. Tena kuna faida ya nishati. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 200 bila kuyaacha yachemke hutumia takriban kilojuli 750, ilhali kugeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke katika nyuzi 100 hutumia zaidi ya 2,200. Na joto la maji yanayotoka linaweza kupasha yale yanayoingia.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Kuukata mnyororo si kazi kubwa. Kazi ni kusimama kwa wakati. Maji yaliyokata wanga hayajui kwamba tulitaka glukosi tu, yanaendelea. Glukosi inageuka fruktosi, ambayo ni sukari nyingine, fruktosi inapoteza maji na kuwa haidroksimethilifurfuro, nayo inavunjika kuwa asidi ya levuliniki na asidi ya fomiki. Asidi hizo zinaongeza uchachu wa maji, na kila kitu kinakwenda mbio zaidi. Macho yenyewe yanaona: kimiminika kinageuka njano, kisha kahawia, kikinukia sukari iliyoungua. Aliyekusudia kuchachusha sukari hiyo anapata hasara mara mbili, kwa kuwa haidroksimethilifurfuro ikizidi hudumaza hamira.

Ndiyo maana sipendi kuona kazi hii ikifanywa kwenye pipa kubwa linalochukua muda mrefu kupata joto na muda mrefu kupoa. Bomba jembamba linafaa zaidi: mchanganyiko unaingia, unapashwa haraka, unakaa muda uliopimwa, unapozwa papo hapo. Urefu wa bomba na kasi ya pampu ndivyo vinavyoamua utapata nini.

Wapo wanaoyaongezea maji kabonidioksidi. Ndani ya shinikizo gesi hiyo hufanya asidi ya kaboniki na kuharakisha ukataji. Shinikizo likishushwa, gesi inatoka. Asidi ya salfuriki haiondoki namna hiyo. Ni lazima uizimue nguvu kwa chokaa, kisha ubaki na jasi ya kuchuja. Hapo njia ya maji inanivutia kwelikweli.

Hata hivyo, kwa wanga, sishauri kulazimisha maji yafike mwisho wa kazi peke yao. Yaacheni yafanye yanachokiweza vizuri, yaani kupasua punje na kufupisha minyororo. Kisha poza hadi karibu nyuzi 60 na uingize kimeng'enya cha glukoamilesi. Hicho kinamalizia pingili kwa pingili bila kuigusa glukosi iliyokwisha kutoka. Viwanda vya wanga tayari hupitia njia inayofanana na hii: mvuke wenye shinikizo na amilesi, kimeng'enya kinachokata minyororo ya wanga, kwa dakika chache katika nyuzi 105 hivi, kisha kimeng'enya cha pili kwa siku moja au mbili.

Selulosi ya majani na mbao ni shughuli nyingine. Nayo ni glukosi tupu, lakini minyororo yake imelala sambamba na kubanana kiasi kwamba maji huhitaji zaidi ya nyuzi 300 kuivunja upesi, na katika joto hilo glukosi huharibika kwa sekunde. Anayewaahidi sukari nyingi ya mbao kwa maji matupu, mwulizeni kwanza mchanganyiko wake unakaa kwenye joto kwa muda gani.

Na jambo moja kwa vijana wanaotaka kujaribu: msifanye hivi kwa chombo cha kuungaunga. Maji ya nyuzi 200 yakipata upenyo, karibu moja ya tano yake hulipuka kuwa mvuke saa hiyohiyo. Tumieni chombo kilichopimwa kwa shinikizo hilo, chenye vali ya usalama, na msikifungue kabla hakijapoa.

Karibuni kwa maswali.