Andika kama mteja atasoma: maongezi na wanafunzi wa unasihi

Haya jamani, naanza na kitu kilichonipata mwenyewe. Nilipokea faili la mteja kutoka kwa mnasihi aliyekuwa anahama, noti ya juu kabisa imeandikwa "mteja mkaidi, hana ushirikiano", basi. Mimi nikaingia kwenye sesheni nikiwa nimeshajiandaa kukutana na mkaidi, nikamuuliza maswali kwa haraka haraka, asipojibu najisemea eheee ndo huyu sasa. Sesheni ya tatu ndo nikagundua kumbe sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na kiti cha mteja kwenye kile chumba kilikuwa kinaliweka sikio hilo hilo upande wetu! Mtu kakaa miezi anaitwa mkaidi kwa sababu ya kiti. Iliniuma sana na bado inaniuma, maana na mimi nilishaliamini lile neno kabla sijamuona mwenye faili.

Sasa yule mwenzangu angeandika alichokiona, yaani "nimemuuliza habari za baba yake mara mbili, hakujibu, alikuwa anatazama mlangoni", mimi ningejiuliza kwa nini. Lakini aliandika hukumu, na hukumu haikuachii swali. Hapo ndo penye kazi yote ya kuandika noti, kutenganisha ulichokiona na ulichokifikiria.

Mmeshafundishwa SOAP, ule mpangilio wa kuandika noti kwa sehemu nne, si ndiyo? Ilitokana na kazi ya daktari wa Marekani, Lawrence Weed, ambaye mwaka 1968 alichapisha hoja yake kwamba faili la mgonjwa lipangwe kufuata matatizo ya mgonjwa mwenyewe. Kwanza alichosema mteja, pili ulichokiona au kukipima, tatu unavyoelewa wewe, nne mtafanya nini. Wanafunzi wengi wanajaza zile sehemu nne kama fomu ya benki, wanasahau kwamba ule mpangilio unakulazimisha maoni yako yakae chumba chake, yasichanganyike na maneno ya mteja. Ukiandika "ana hasira" kwenye sehemu ya pili hujaona kitu hapo, umeona amekunja ngumi, sauti imepanda, hasira umeiweka wewe, ihamishie sehemu ya tatu.

Tuje kwenye mpango wa tiba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo napoona mipango mingi imekufa kabla haijaanza. Lengo linaandikwa "kupunguza sonona". Ya nani hiyo? Unaweza kulibandika kwenye faili la mtu yeyote! Muulize mteja, siku ukiwa na nafuu utakuwa unafanya nini ambacho saa hizi hufanyi? Tuseme akakwambia "nitaamka nimpeleke mwanangu shule mwenyewe". Hilo ndo lengo, liandike kwa maneno yake hivyo hivyo, halafu ndo uliwekee vipimo, kwamba ndani ya wiki 4 atampeleka angalau asubuhi 3 kwa wiki, na njia yenu ni kupanga shughuli ndogo ndogo za asubuhi na kufuatilia moyo wake unakuwaje baada ya kila moja. Kila noti ya baadaye irudi hapo, wiki hii alimpeleka mara ngapi, kilimkwamisha nini. Ukiona noti tano mfululizo hazigusi lengo, basi ama lengo siyo la kwake, ama nyie mmeshahamia kwenye jambo jingine na mpango ubadilishwe, mkiwa wote wawili mmekaa.

Dodoso linasaidia. PHQ-9, lile la kupima dalili za sonona, ina maswali 9, kila moja 0 mpaka 3, jumla ya juu 27, na kuanzia 10 tunahesabu dalili za sonona za wastani kwenda juu. Ila naombeni sana msijumlishe tu mkaandika namba! Swali la 9 linauliza habari za mawazo ya kufa au kujidhuru, mteja anaweza kuwa na jumla ndogo kabisa na bado hapo ameweka 1. Hapo unasimama, unamuuliza waziwazi, na unaandika ulichouliza, alichojibu kuhusu nia, mpango na njia, nini kinamshikilia asifanye, na mmekubaliana nini kabla hajatoka. "Hana hatari" peke yake haimwambii kitu mnasihi atakayempokea kesho wewe ukiwa unaumwa.

Mengine haraka haraka. Noti iandikwe siku hiyo hiyo, ukikosea kwenye karatasi piga mstari mmoja, weka tarehe na saini, usifute kabisa. Kukopi noti ya wiki iliyopita na kupesti, hapana, hiyo ni kuandika sesheni ambayo haikuwepo. Na siri za watu wengine anaowataja mteja, kama hazihusiani na tiba yake, hazina haja ya kuingia.

Sasa chukueni kalamu. Nawasomea mazungumzo mafupi ya mteja wa kutunga, kila mtu aandike sentensi nne tu, halafu mbadilishane na aliye pembeni yako, atafute sentensi ambayo mteja akiisoma atauliza "hili mimi nililisema lini?"